Jina Lililoandikwa Chini ya Picha

"Mwalimu, turudishie sauti!" nikasema. "Filamu bila sauti ni kama ugali wa tuwo bila mchuzi, inakwama kooni."

"Sauti hairudi, Bibi," akajibu Sahura, rimoti kaikaba kama aliyekamata nyoka kichwani. "Ikirudi mtasoma kwa masikio. Mama Lantana, soma tena. Mstari uleule."

Kwenye runinga, msichana wa kitenge cha kijani alikuwa ameganda mdomo wazi, akimfokea kijana mmoja aliyepanda pikipiki. Chini yao maneno meupe, Kihausa kilekile anachosema ndicho kilichoandikwa. Lantana, mke mwenzangu, akajiweka sawa kilemba, akasoma: "Ukiwasha hiyo pikipiki, usirudi kwetu tena."

"Umeruka neno la kwanza."

"Sikuruka."

"Umeruka, mama! Tena mwanzo ulisema 'Mwenye nyumba.' Hapo pameandikwa 'Mwenye nyumba'?"

Lantana akatazama dari. Nami nikatazama dari. Gambo tu, mwanamke jirani yetu wa ng'ambo ya njia, ndiye aliyeendelea kutafuna kokwa yake ya kola kwa raha ya mbuzi aliyekuta ghala halina mlango.

Nilitamani nimpige mtu na mwiko, ila sikujua nianze na nani. Runinga ile ililetwa kwetu na watu wa elimu ya watu wazima, pamoja na sola yake, na sasa walikuwa wamesema: mwanamke atakayesoma bila sauti ndiye kiongozi wa darasa, na runinga itabaki kwake. Akikosekana, inahamia kwa Gambo, mwenye sebule ya marumaru. Gambo mwenyewe alishajaribu asubuhi. Sauti ilipozimwa, akasema vumbi la upepo wa harmatani limemwingia machoni. Vumbi gani linalochagua kuingia mtu akiulizwa swali?

Huyu Lantana alikuja nyumbani kwetu mjane, na jiwe la kusagia karanga kichwani na ulimi mkali kuliko wangu, jambo ambalo sikulipenda. Kazi yake kukamua mafuta ya karanga, na makapi yake anayakaanga kuli-kuli. Ngumu! Ngamia wa Mtuareg mmoja alitafuna moja, jino likang'oka, akamlilia mama yake kwa Kihausa fasaha, soko zima la Katsina likasikia. Utotoni Lantana alionja shule kidogo tu, kisha shangazi yake akamtoa akatembeze mafuta, akamwambia asisikitike, kichwa chake ni kizito, shule ingempotezea muda. Neno hilo kalibeba hadi mvi.

Filamu zenye maandishi zilipokuja, sisi wengine tulikwenda kulia na kucheka. Yeye aliketi karibu na kioo hata nikadhani anataka kuingia aolewe humohumo. Midomo inacheza, kidole kinachora mchangani. Muda si muda akaanza kusoma kila kilichopita: gunia la mbolea, kipande cha sabuni, ubavu wa lori. Alikuwa akimsomea mbuzi wangu tarehe za mwisho za biskuti, na yule mbuzi, wallahi, akaacha kula biskuti zilizopita muda.

Sasa huyo kijana wa pikipiki. Waliotengeneza ile filamu walikuwa na majina yote ya waja wa Mungu mbele yao, wakampa la mume wetu. Na mke wa kwetu halipitishi mdomoni jina la mumewe. Hata nyumba ikiungua naye kalala ndani, utaita, "Mwenye nyumba, moto!" Afe au apone kwa hilo.

"Mwalimu," nikasema, "kuna majina mke hayatamki. Wewe ni binti wa Kihausa, unajua."

"Najua sana, Bibi. Ila kila asiyejua kusoma, mumewe anaitwa kwa lile neno lililomshinda! Juzi bibi mmoja kaniapia mumewe anaitwa Hospitali."

"Labda alizaliwa huko."

"Bibi!" Akashika kiuno. "Haya, niambieni mume wenu anaitwa nani. Mko wake wawili hapa, hamshindwi."

Kuku akapita katikati yetu, akatuangalia, akaondoka zake.

"Anaitwa Mwenye nyumba," Lantana akasema.

"Malam," nikaongeza cheo chake kumsaidia.

"Na wajukuu wako wapi, walitaje wao?"

"Wako madrasa."

Sahura akapumua kwa nguvu kama punda aliyezidishiwa mzigo. Lantana akaanza kukusanya kanga yake. "Niandikie nimeshindwa, mwanangu, yaishe. Shangazi hakukosea." Sauti ilimkatika pale mwishoni, na hapo ndipo hasira iliponipanda kabisa.

"Kaa chini! Mbuzi umemfundisha, binadamu wanakutisha? Mwalimu, muulize huyo anayetafuna. Yeye si mke wa humu, mdomo wake uko huru."

Gambo akaweka mkono kifuani. "Mimi? Shoga, mimi mzee, majina ya watu yananitoka."

"Jana ulitaja kuku wa mtaa mzima, kwa majina, na mama zao!"

"Kuku nawapenda."

Ushetani wangu ukaamka. Nikamgeukia Sahura, nikashusha sauti, ila si sana.

"Mwache, mwalimu, naye ana haki ya kuona haya. Huyu alitaka kuolewa humu ndani. Kila Ijumaa alikuwa akileta bakuli la fura, mtama na maziwa, imejaa asali hata nyuki walimfuata mume wetu mpaka msikitini, wakaswali safu ya nyuma. Alipokataliwa, jina lile likawa donda. Mpaka leo likimfika mdomoni analimeza."

Kola ilimtoka Gambo ikaruka hadi kwenye kioo. "Mimi! Mimi nimtake..." na hapo akalitaja, la mume wetu na la baba yake, kwa sauti ya mwadhini. "Mimi nimtake yule, na yale magoti yanayogongana kama vibuyu? Yeye ndiye aliyenitaka! Mimi ndiye niliyemkataa!"

Sahura akamtazama Gambo. Akayatazama maandishi meupe chini ya pikipiki, herufi moja moja. Akachukua kalamu.

"Mama Lantana," akasema taratibu, "umepita. Runinga inabaki hapa. Kesho unaanza darasa, na..."

Lakini Lantana hakuwa akimsikia. Wala mimi. Ile habari ya fura nilikuwa nimeitunga palepale, kutoka kichwani mwangu mwenyewe.

"Alikutaka lini?" nikamuuliza Gambo.

"Kabla yangu au baada yangu?" akauliza Lantana, kilemba kimemwangukia jichoni.

Gambo akatutazama, mmoja, kisha mwingine. Akafungua mdomo ajibu. Kikohozi kikasikika ukumbini, pazia likafunuka, na Mwenye nyumba akaingia, birika la kutawadhia mkononi.

"Salamu alaikum," akasema. "Nani ameniita?"