Nilipanda bodaboda katikati ya hija ya miguu Bariadi–Lamadi, mama mkwe akanikuta Mkula nashangiliwa

Wakuu, poleni na majukumu.

Hili limenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Sehemu za aibu nitaziandika pia, mnicheke taratibu.

Mimi ni mtu wa Dar, kazi imenileta Bariadi, mwaka wa sita sasa. Nimeoa huku huku, binti wa Kisukuma. Mke hana shida. Shida ilikuwa mama yake.

Ni mjane, mkulima wa pamba, sauti ya chini. Najua huku mkwe unamheshimu kwa mbali, hamli sahani moja. Ila kwangu ilizidi. Akija kwetu, asubuhi ananisalimu "Mwangaluka", naitikia, basi, kimya mpaka jioni. Miaka minne! Nikajua hanikubali.

Mwaka huu mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Mtoto mzima, ila yeye nusura tumpoteze. Mama akaweka ahadi: binti yake akipona, atatembea hija na parokia hadi Lamadi. Kilomita sabini na kitu, siku tatu.

Akapona. Nikasema na mimi naenda, mimi ndiye mume.

Nikanunua raba nyeupe, kofia, na app ya kuhesabu hatua. Mama mkwe akaja na katambuga za matairi na khanga mbili. Akaziangalia raba zangu, akaguna.

Nilidhani hija ni kimya na machozi. Kumbe ni rozari, wimbo, halafu utani mpaka mbavu zinauma. Mchungaji mmoja wa ng'ombe akatusimamisha, akauliza tunaenda mnada gani. Akaambiwa tunaenda kusali Lamadi.

"Kwani kwenu kanisa limebomoka?"

Tulicheka kilomita nzima.

Siku ya kwanza niliimaliza kiume. Siku ya pili, tukiwa tumeshapita Dutwa, visigino vikawaka moto. Malengelenge yakapasuka. Bibi wa miaka sabini akanipita akiimba! Kufika kwenye daraja moja dogo, kundi lote silioni.

Bodaboda akasimama. "Mkuu, nikusogeze?"

Wakuu, nilipanda.

Mpango wangu ulikuwa nishuke nyuma ya kundi, nijichanganye. Jamaa akakata njia za mashambani, kuja kushtuka, niko Mkula, kituo chetu cha kulala. Wa kwanza kabisa.

Akina mama waliokuwa wanatupikia waliponiona nachechemea wakapiga vigelegele. "Huyu ndiye mwanaume!" Nikawekwa kwenye kiti, nikaoshwa miguu, nikapewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Mmoja akaanza kunirekodi video.

Nilitabasamu kama mgombea.

Baada ya muda mrefu kundi likafika. Mama mkwe akasimama, vumbi hadi kwenye nyusi. Akaangalia beseni, akaniangalia mimi.

Nikaiweka michembe chini. Nikamfikiria mke wangu kwenye kile kitanda cha hospitali. Nikainuka, nikamfuata.

"Mama, mimi nimepanda pikipiki."

Akaniuliza: "Ulipandia wapi?"

"Kwenye lile daraja dogo."

"Asubuhi tunarudi pale."

"Tunarudi? Wewe umetembea yote, mama."

"Ahadi ni ya binti yangu. Sitaki iwe na tundu."

Kulipokucha tukachukua pikipiki mbili, yake mbele, yangu nyuma. Tulipofika darajani akaniambia nivue raba. Akatoa kisu kwenye fundo la khanga, akakata sehemu zote za visigino, kraa, kraa, zikawa ndala. Roho iliniuma, lakini miguu ilishukuru.

Tukaanza kutembea, yeye mbele, mimi hatua kumi nyuma. Kama nusu saa hivi. Ghafla akaanza kuongea bila kugeuka.

"Kule hospitali ulikaa kwenye korido siku mbili hujaoga. Nilikuona."

Akapiga hatua kadhaa, akaendelea.

"Kiswahili chako kinakimbia sana, baba. Mimi natafuta neno moja, wewe umeshafika mbali. Nikaona ninyamaze, usije ukanicheka."

Wakuu, nilisimama pale barabarani. Miaka minne najua mama ananichukia, kumbe anaogopa nitamcheka!

Nikamwambia nilidhani hanitaki. Akacheka, mara ya kwanza namsikia anacheka. Akasema, "Ningekukataa, ungejua mapema."

Tulipiga stori mpaka Mkula, mimi naongea polepole, yeye ananifundisha Kisukuma. Kundi lilikuwa limeshaondoka. Hatukujali, tukaendelea hivyo hivyo hadi Lamadi, tukaingia jua linazama, wawili wa mwisho kabisa. Hakuna aliyetupigia kigelegele, walikuwa wanakula.

Mke wangu akapiga simu. Mama akaichukua, akaongea Kisukuma muda mrefu, mara kwa mara ananitazama na kucheka. Nilishika neno moja tu: ng'wanone.

Nikamuuliza hujaji mmoja aliyekaa jirani yangu maana yake.

"Mwanangu," akasema. "Anamwambia binti yake, mwanangu amefika."

Nikajifanya nafunga kamba za raba.

Nilichojifunza: mtu akiwa kimya, usimwekee maneno yako mdomoni mwake. Punguza mwendo, muulize. Na raba mpya usiende nayo safari ndefu, hilo halina mjadala.

Wenye wakwe wasioongea, tiririkeni hapa chini. Na anayejua dawa ya malengelenge anisaidie, bado navaa ndala ofisini.