Korido Yangu Ina Joto Kama Mombasa

London nzima hakuna fundi wa kupasha nyumba joto anayenifikia. Anayebisha akabishane na ukuta.

Leo dada Neema, nesi mwenye mimba ya miezi minane, kaja kukagua nyumba yake mpya hapa Barking.

Nikamwambia, "Wengine hupitisha mabomba ya hewa moto huko juu chini ya paa, kwenye baridi, wanapasha njiwa. Mimi nimeyaficha ndani, kwenye dari ya korido. Joto likivuja, linabaki nyumbani."

"Wewe! Korido ni Mombasa kabisa!"

Kichwa kikavimba.

Akaingia chumba cha mtoto.

"Kaka, huku mbona ni friji?"

Bosi wangu akaitwa, akapasua dari yangu, akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Fundi, kweli limebaki nyumbani."

Dada anahamia Jumamosi, nami narudia dari.

Haya, chekeni. Bomba la chumba cha mtoto nilisahau kuliunga.