Kidonge cha Saa Nne

Katika shule moja ya msingi iliyokuwa kati ya Mtama na Sudi, mahali ambapo mikorosho iliyakaribia madarasa kiasi cha kuyatia kivuli asubuhi nzima, alikuwako mwalimu aliyeitwa Magdalena, ambaye wazazi wengi walimjua kwa mlango wake kuliko kwa somo lake. Somo lake lilikuwa hesabu. Mlango wake ulikuwa wa chumba kidogo kilichopata kuwa stoo ya majembe, na juu yake alipigilia karatasi kubwa aliyoiandika kwa mkono wake: Tangazo la Afya kwa Wazazi.

Tangazo hilo lilieleza mambo kwa lugha ya mtu anayeongea na jirani. Mtoto mwenye macho mekundu abaki nyumbani mpaka tongotongo zikauke. Mwenye upele aje, wala asionewe haya, lakini nguo zake zichemshwe. Mwenye kukojoa damu aletwe kwa mwalimu, kwa kuwa hiyo ni kichocho, na kichocho ni ugonjwa, hakina maana nyingine. Sharti la mwisho lilipigiwa mistari miwili chini yake: dawa ya mtoto isitiwe mfukoni mwa mtoto, mzazi ailete mwenyewe, nayo itanywewa saa nne, mbele ya macho ya mwalimu wa afya, yaani Magdalena mwenyewe.

Sharti hilo lilikuwa na asili yake. Ilikuwa ni ile miaka ambapo biashara ilifunguliwa milango, na dawa zikaanza kuuzwa penye sabuni na betri. Sanduku la dawa la shule, lililokuwa likijazwa na serikali, lilikuwa limebakiwa na bandeji mbili na chupa ya dawa ya bluu. Ndipo Yassin wa darasa la tatu alipokuja na vidonge vya rangi mbili vya babu yake, akawagawia wenzake kama njugu, na watoto saba wakatapika chini ya ubao. Tangu siku hiyo Magdalena aliapa kwamba hapana kidonge kitakachoingia kinywani mwa mtoto yeyote shuleni pasi na yeye kukiona kikiingia.

Alikuwa mwanamke wa kimo kifupi na sauti pana, mzaliwa wa uwanda wa juu, Mkatoliki wa kuamka alfajiri. Miaka kumi na minne aliyokaa miongoni mwa Waislamu wa kijiji kile ilikuwa imemfundisha kusalimu kwa salamu zao, kula kwa mkono wa kulia bila ya kukumbushwa, na kutoingia uani mwa mtu kabla ya kuitikiwa hodi ya tatu. Watoto walimwogopa siku ya Jumatatu tu, siku ya kukaguliwa kucha. Siku nyinginezo walimfuata kama vifaranga, na mwenye kidonda alikitangaza kwa fahari, ili apate kuoshwa naye.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Imani, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliyelelewa na bibi yake, Bi Kidawa. Imani alikuwa na kifafa. Mara mbili alianguka darasani, na mara zote mbili wenzake walikimbilia nje kwa madirisha, kwa kuwa walikuwa wameambiwa majumbani kwao kwamba povu la mwenye kifafa likimgusa mtu humwambukiza. Wazazi kadhaa walikwenda kwa Mwalimu Mkuu, Klementi, wakamtaka amrudishe mtoto kwao mpaka apone. Klementi alikuwa mtu mwema aliyechoka, na mtu mwema akichoka huwasikiliza wengi.

"Mwalimu Mkuu," Magdalena alimwambia siku ile, "kifafa hakiambukizi. Tabibu wa zahanati amempa dawa, kidonge kimoja kila siku. Akikinywa bila ya kukosa, hataanguka."

"Na akikosa?"

"Hatakosa. Nitampa mimi, saa nne, kwa mkono wangu."

"Basi tukubaliane. Asipoanguka, abaki. Akianguka tena hapa shuleni hali anakunywa dawa yako, nitaandika barua aondoke, nawe usije kunililia."

Wakakubaliana. Magdalena akaenda kwa Bi Kidawa, akavitwaa vidonge, akamwachia bibi vya Jumamosi na Jumapili tu. Bi Kidawa alivitoa kwa shingo upande, maana alikuwa akimpa mjukuu wake dawa kila jioni, naye hakuona kosa lake. Lakini hakupinga. Mwalimu ni mwalimu. Kuanzia hapo, kila siku saa nne Imani alisimama mlangoni, akapokea kidonge na kikombe cha maji, akasema "Ahsante, Mwalimu," na Magdalena akatia alama ya vyema katika daftari lake. Miezi mitano ikapita bila ya mtoto kuanguka, na wenzake wakaanza kumchagua tena katika mchezo wa rede.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani.

Jumatatu ya wiki ya tatu ya mfungo, saa nane mchana, wanafunzi wakiwa mstarini wakingoja kuruhusiwa, Imani alianguka. Magdalena alimfikia kabla ya vumbi kutua, akamlaza kwa ubavu, akakunja ushungi wa mtoto na kuutia chini ya kichwa chake, akamzuia mwalimu kijana aliyekuja na kijiko akitaka kukipenyeza baina ya meno. Akakaa naye mchangani mpaka viungo vilipotulia na mtoto akafumbua macho, akaona haya, akayafumba tena.

Alipoingia ofisini kwa Klementi, daftari la dawa lilikuwa limekwisha kufunguliwa mezani.

"Tulikubaliana, Mwalimu Magdalena."

"Tulikubaliana iwapo amekunywa dawa."

"Daftari lako linasema amekunywa. Leo umetia vyema. Ijumaa umetia vyema. Sioni siku hata moja iliyo tupu." Akalifunga taratibu. "Barua nitaiandika keshokutwa. Nakupa kesho, kwa heshima yako tu."

Magdalena alitoka akiwa na shaka moja tu kichwani: vidonge vyenyewe. Huenda vile vya zahanati vilikwisha, na Bi Kidawa, kwa kuona taabu ya kwenda kungoja foleni, alinunua vingine kwa wale wachuuzi wa mnadani wanaouza dawa kwa kuzimimina kiganjani. Basi jioni ile ile akamshika Imani mkono, akamrudisha kwao, na moyoni mwake alikuwa ameshaanza kumlaumu bibi wa watu.

Walimkuta Bi Kidawa uani akichambua mchele wa futari.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona umemleta mkononi kama kuku wa kuuza?"

Magdalena akaeleza yaliyotokea. Bi Kidawa akauweka ungo chini, akampapasa mjukuu wake kichwani, mabegani, magotini, kisha akamkalisha kando yake na kusema alhamdulillah kwa sauti ya chini. Ndipo mwalimu alipouliza habari za vidonge, kwa maneno ya kuzunguka, na bibi akayaelewa yalikokuwa yakielekea.

"Mie ninunue dawa mnadani?" alisema. "Hata chumvi ya mnadani siinunui. Hivyo ni vya tabibu, kopo ni lile lile, na hivi vya Jumamosi na Jumapili nampa mwenyewe, anakunywa mbele yangu akishafuturu."

"Akishafuturu?"

"Enhe. Ulitaka nimpe mchana, naye amefunga? Mwaka huu amesema atafunga mwezi mzima. Nikajua na wewe huko shuleni umeshapanga namna yako. Siku kumi na tano za mwezi, Mwalimu, hukupata kumuuliza?"

Magdalena akageuka kumtazama mtoto. Alikuwa hakuuliza. Alijua ni Ramadhani, kwa kuwa uji wa shule haukupikwa. Alijua wakubwa wamefunga. Lakini huyu, machoni pake, alikuwa mgonjwa wake, na mgonjwa hafungi. Na kila siku saa nne alimkabidhi kidonge na kikombe, kisha akainamisha kichwa chake kutia alama.

"Imani," alisema polepole, "ninavyokupa mimi unavipeleka wapi?"

Mtoto aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kipande cha kanga kilichofungwa fundo, akakiweka juu ya mkeka na kukifungua. Vilikuwamo vidonge kumi na kimoja, vingine vikiwa vimeanza kupukutika pembeni kwa mate.

"Sikuvitupa, Mwalimu," alisema. "Nimeviweka. Idi ikipita nitavilipa."

"Utavilipaje?"

"Kama vile bibi anavyolipa siku zake. Kila siku kimoja cha siku hiyo na kimoja cha deni, mpaka viishe. Nimehesabu."

Bi Kidawa alijifunika uso kwa ukingo wa kanga, na mabega yake yakatikisika; haikuwa rahisi kujua kama ni kicheko au kilio, na labda hata yeye hakujua. "Mjukuu wangu," alisema alipopata pumzi, "saumu hulipwa. Dawa hailipwi. Nani alikufundisha hivi?"

"Hakuna. Nilifikiri mwenyewe. Ningemwambia Mwalimu kwamba nimefunga, angeniambia ninywe, nami siwezi kumkatalia Mwalimu. Na ningekunywa, wangeniita kobe."

Kobe, kwa watoto wa pwani, ni yule anayekula mchana wa Ramadhani, na hapana jina chungu zaidi ya hilo kwa msichana ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake wenzake wamekubali kukaa naye dawati moja. Magdalena aliviangalia vile vidonge kwa muda mrefu. Aliona kwamba huyu mtoto hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa na adabu iliyozidi, na adabu hiyo nusura imtoe shuleni.

"Sasa nifanye nini, Bi Kidawa? Mimi si wa dini yenu. Nikimwambia afungue, itakuwa neno."

"Nenda kwa Maalim Abdulrahmani, umwambie kama ulivyoniambia. Ila nenda sasa, kabla ya magharibi. Na ukirudi, ufuturu hapa. Nyie watu wa uwandani huko kwenu visima hakuna, maji mnayafunga mwaka mzima. Siku moja kaeni na waja wanaoyafungua."

Maalim Abdulrahmani, mwalimu wa madrasa, alimsikiliza akiwa barazani, macho chini, kama ilivyo desturi yake azungumzapo na mwanamke asiye wake. Magdalena alipomaliza, Maalim alisema kwamba mtoto huyo bado hajafikia umri wa kupaswa kufunga, na hata angefikia, mgonjwa amepewa rukhsa na Mola wake, na kuikataa rukhsa si ucha Mungu. "Lakini kabla hatujamfungulisha mtoto aliyeipenda ibada," aliongeza, "nami nikuulize. Hicho kidonge, lazima kiwe saa nne?"

"Ndivyo kanuni yangu inavyosema."

"Kanuni yako, au ya tabibu?"

Magdalena alirudi kwa Bi Kidawa kufuturu na kulichukua fundo la vidonge. Asubuhi yake, kabla ya kengele, alikuwa mlangoni kwa tabibu Sixbert wa zahanati, ambaye alimjibu huku akipiga mswaki. Saa nne haikupata kuwa agizo lake. Dawa ile huleta usingizi, na jioni ni bora kuliko asubuhi. Ndiyo maana tangu mwanzo alimwambia bibi ampe jioni. Mfungo hautamdhuru, maadamu anakula daku na haendi kulala na njaa. La kuogopwa ni kukosa, basi.

Kutoka zahanati mpaka shule ni mwendo wa nusu saa, na huo ulikuwa mwendo mrefu kuliko yote aliyopata kwenda mwalimu huyu. Hakuwa mtu wa kukosea mbele za watu. Alipoingia ofisini, aliliweka fundo la kanga juu ya meza ya Klementi na kulifungua.

"Kumi na kimoja," alisema. "Na alama za vyema tangu mwezi uandame ni kumi na moja."

Klementi alivitazama, kisha akamtazama yeye. "Kwa hiyo daftari limesema uongo."

"Mimi ndimi niliyesema. Niliandika kitu nisichokiona. Mtoto alikuwa akipata dawa kwa bibi yake, jioni, kama tabibu alivyoagiza, nami nikaja nikamnyang'anya bibi kwa kuwa sikumwamini asiyejua kuandika. Usimwandikie barua Imani. Kama lazima iandikwe, iandikwe ya kwangu."

"Na wazazi niwaambie nini?"

"Maalim ataongea nao leo baada ya alasiri. Ameniahidi atawaeleza habari ya povu pia."

Mwalimu Mkuu alikisukuma kidonge kimoja kwa ncha ya kalamu. "Deni la vidonge," alisema hatimaye, na pembe za mdomo wake zikamsaliti. "Mwambie mtoto aje darasani. Na hilo tangazo lako mlangoni, ulirekebishe kabla sijalisoma tena."

Siku zilizosalia za mwezi Magdalena alikwenda kwa Bi Kidawa kila jioni. Hakwenda kukagua, maana hilo alikuwa ameliacha, bali alikuwa ameshazoea uji wa pilipili manga wa pale uani. Imani hakuanguka tena mwezi huo, wala miezi iliyofuata.

Lakini kazi ya Magdalena ilibadilika. Mwaka wa pili, Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ilipofika nusu, alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, daftari kwapani, kwa kila mzazi ambaye mtoto wake alikuwa na dawa. Hakuwaeleza saa. Aliwauliza. Huko ndiko alikojua kwamba mama yake Huseni alikuwa akigawanya kidonge nusu kwa kutoelewa, na kwamba babu yake Yassin alikuwa bado anaweka dawa zake mahali watoto wanapofikia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Kidawa. Bibi alikuwa akiswali ndani, na Imani, aliyekuwa amerefuka kwa shibiri nzima, ndiye aliyemkaribisha mkekani.

"Nitamngoja bibi," Magdalena alisema. "Nataka anieleze mwezi huu dawa yako itakuwa saa ngapi."

"Kila siku akishaniona nimefuturu, Mwalimu," msichana alisema, akimtazama usoni bila ya kuinamisha macho. "Na Jumamosi na Jumapili vivyo hivyo. Wewe andika tu."

Magdalena akaandika.