Nilichomtafsiria koko siku tulipokwenda kuona nyumba ya wazee

Habari zenu. Admin, naomba usiweke jina langu wala la kanisa letu, maana Wakongo wa Durban tunajuana. Nina miaka kumi na sita, bado niko shule, na ninaishi Sydenham na mama yangu pamoja na koko, yaani bibi yangu mzaa mama. Kiswahili cha kuandika nimejifunza kwenye vitabu alivyoacha baba, kwa hiyo mnisamehe nikikosea. Mimi si mtu wa kuongea sana, na jambo hili sijamwambia yeyote.

Koko ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza kidogo kidogo, akiuliza swali moja mara tatu, akitia chumvi kwenye chai. Sasa kila siku ikifika saa kumi anafunga kitenge na kusimama mlangoni, anasema anakwenda kumchukua mtoto shuleni. Mtoto mwenyewe ni mama yangu, na shule iko Bukavu. Asubuhi jirani hutusaidia, lakini mama yuko saluni mpaka saa moja usiku, kwa hiyo jioni ni zamu yangu. Nimezoea kuketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, nikisoma historia, naye amesimama mbele yangu akiniomba kwa adabu nimpishe. Saa hizo hanijui. Ananiita "mademoiselle", kama binti wa watu.

Mwezi uliopita nilisinzia dakika chache tu. Tulimpata kwenye robot, yaani taa za magari za barabara kubwa, amevaa soksi bila viatu, magari yanapiga honi, dereva wa taxi amemshika mkono. Mama hakunigombeza. Aliosha miguu ya koko kwenye beseni, akaikausha, kisha akasema, "Tutafute pahali."

Pahali penyewe pako mtaa wa Bluff, nyumba ya wazee yenye upande wa watu wanaosahau. Kiingereza cha mama ni cha kuzungumza na wateja wa saluni, kwa hiyo nilikwenda kutafsiri, kama ninavyofanya kliniki na kila ofisi tangu nikiwa mdogo. Nilibeba daftari lenye maswali kumi na manne. Muuguzi mkuu aliyajibu yote bila haraka. Usiku iko nani? Mtu akitaka kutoka mnamfanya nini? Akasema hawamfokei, wanatembea naye bustanini mpaka achoke. Ukumbini mzee mmoja alikuwa anakunja vitambaa vilevile na kuvikunjua, na kila alipomaliza mlezi alimshukuru upya. Nilitafuta ubaya wa mahali pale nikaukosa. Tatizo ni kwamba walezi wanasema Kizulu na Kiingereza, na koko hajui hata kimoja.

Baadaye mama alipelekwa kuona vyumba na bafu. Tukabaki ofisini watu watatu, mimi, koko na muuguzi. Muuguzi akaniambia nimuulize koko kama anaelewa tumekuja kufanya nini, na kama atakubali kukaa, kwa sababu lazima wasikie kutoka kwake mwenyewe. Nikamuuliza. Koko akanitazama, akaniita kwa jina langu, mara ya kwanza wiki ile.

"Mama yako alichoka na miye?"

Nikageukia mlango aliotokea mama. Koko akaendelea:

"Kama alichoka, aje aniambie yeye mwenyewe. Nitakwenda. Lakini asipitishie maneno kwa mtoto."

Muuguzi alikuwa anangoja, kalamu mkononi. Nikamwambia, "Anasema pahali ni pazuri, amepapenda." Akaandika hivyo hivyo. Mama aliporudi, koko alikuwa ameshasahau, anauliza kama mtoto amekula.

Njiani kurudi mama aliniuliza koko alisema nini. Nikarudia uongo wangu. Mama akageukia dirisha la taxi, akasema polepole, "Mungu asifiwe," halafu akalala mpaka tulipofika mjini. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilala mchana.

Ningeweza kuwaambia nilifanya vile kwa ajili yake. Si kweli, au si yote. Nilichoka. Wakati ule ofisini nilifikiria maktaba ya shule, kwamba ningeweza kukaa humo mpaka wafunge, kama wenzangu.

Wamemkubali. Anaingia Jumatatu. Muuguzi ameniomba niandike orodha ya maneno ya Kiswahili waibandike ukutani kwa ajili ya walezi. Nimeandika maji, choo, baridi, umekula, inauma wapi. Kisha nimekwama kwenye saa kumi. Kuna jibu moja tu linalomfanya koko aondoke mlangoni: "Mtoto ameshafika, mama, yuko ndani anaoga." Nimeliandika, nimelikatakata silabi ili waweze kulisoma, lakini sijui kama wataweza kulisema vizuri.

Jana mama alitoa sanduku. Nilipotoka jikoni nilikuta koko amelifungua na kupanga nguo zangu ndani, si zake. Alikuwa anakunja sweta yangu ya shule. "Usisahau hii," akaniambia. "Kule unakwenda iko baridi."

Namjua mama yangu. Nikimwambia koko alisema nini kweli, ataghairi, na Jumanne nitakuwa sakafuni tena, mpaka siku nitakaposinzia mara ya pili. Nikinyamaza, koko ataondoka bila kupewa kitu kimoja alichoomba. Tena ni kitu kidogo, mtoto wake akae mbele yake amwambie. Najua atasahau baada ya dakika tano. Lakini bado alikiomba, na aliyekisikia ni mimi peke yangu.

Nisaidieni, hasa ninyi mliokua mkiwatafsiria wazazi wenu. Mtu ambaye atasahau, bado ana haki ya kuambiwa? Nimwambie mama kabla ya Jumatatu, au nifunge sanduku ninyamaze?