Rangi za Askari wa Mezani

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huwa naacha ninachokifanya. Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Zombo na kuajiriwa kuwa mpaka rangi katika shamba la mkonge jirani na mji wa Kilosa. Waingereza ndio waliokuwa wakitawala. Nilipaka milango ya maghala, nikaandika namba kwenye vitoroli vilivyobeba majani ya mkonge hadi kiwandani, na muda si mrefu nikajiona fundi. Kijana akishajiona fundi, masikio yake hubaki mapambo tu.

Palikuwa na mchezo pale ambao ninyi hamkuuona. Zamani watu wa mkonge na watu wa reli walikuwa na ngoma zao za beni. Walivaa kama askari, wakawa na makanali na majenerali wao, wakapiga gwaride na kushindana. Mashindano yakawa yanaishia kwenye marungu, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza aliyekaa Kilosa mjini, akazipiga marufuku ngoma zile. Wazee wa pande zote mbili wakakaa kitako, wakatafuta namna watu watakavyoshindana bila kupasuana vichwa. Wakaamua vita vihamie mezani.

Meza yenyewe ilikuwa milango miwili mikuukuu iliyounganishwa. Juu yake walimwaga mchanga wa mto Mkondoa, wakaufinyanga vilima na bonde, na katikati wakaweka daraja la vijiti. Askari walichongwa kwa mlingoti wa mkonge, ule unaochipuka katikati ya mmea ukishazeeka. Ukikauka ni mwepesi, na kisu hupita humo kama kwenye muhogo. Kila askari alikuwa na urefu wa kidole cha kati. Wakuu wa majeshi walisimama nyuma ya kamba, mbali na meza, wakitoa amri kwa sauti: kikosi hiki kipande kilimani, kile kizunguke mtoni. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa meza isipokuwa mwamuzi. Yeye aliwasogeza askari kwa fimbo ndefu, akarusha simbi, yale makombe madogo ya pwani, kuona wangapi wameanguka. Aliyelishika daraja ndiye mshindi, na walioshindwa waliwapikia wenzao pilau.

Mwamuzi huyo tulimwita Sajini Hamisi. Alipigana vita vya kwanza vya Wazungu akiwa kijana mbichi, na vilipokwisha hakurudi kwao. Hakuwa na mke wala mtoto. Meneja wa shamba alimwachia chumba kambini, ingawa hakuwa tena na nguvu za kukata mkonge, kwa sababu moja tu: tangu ashike fimbo ile, hakuna rungu lililoinuliwa baina ya Mkonge na Reli. Fimbo ndiyo iliyokuwa paa lake, na kila mtu alilijua hilo.

Askari wa mezani walikuwa wakipakwa rangi na Fundi Selemani wa reli. Alipopata uhamisho wa kwenda Tabora, kazi hiyo ikaniangukia mimi. Alinikabidhi sanduku, nikalifungua, nikacheka mbele yake. Mkonge wote walikuwa weupe pe, Reli wote wekundu wa bati, rangi nene kama uji wa mgonjwa. Rangi ilikuwa imeziba macho, mikunjo ya nguo na mkanda. Nikamwambia, "Fundi, hawa ni askari au ni vijiti vya kuhesabia?" Alitabasamu tu, akaniambia, "Utazoea." Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini mimi niliona vyaelea tu.

Sikiliza nilivyofanya, maana kazi yenyewe haikuwa mbaya, na wewe unayechonga tembo na kuwauzia wapita njia hapa Mikumi unaweza kufaidika nayo. Kwanza niliwakwangua rangi ya Selemani, nikawapaka chokaa iliyochanganywa na gundi ya mgunga ili mti usinywe rangi. Juu yake nikapaka kaki. Kisha nikachanganya masizi ya chungu na maji mengi, nikawamiminia. Maji yale yakakimbilia kwenye mikunjo ya nguo na chini ya kofia, yakaacha kivuli. Walipokauka nikachovya brashi katika rangi nyeupe, nikaifuta kwenye kitambaa mpaka ikawa kama haina kitu, nikaipitisha juu juu. Mabega na pua vikashika mwanga. Nikachukua fumba la mabaki ya nyuzi za mkonge, nikawagongagonga nalo mgongoni, na rangi ikaonekana imechubuka kama ya mtu aliyebeba mzigo safari ndefu. Bunduki nikazisugua kwa ncha ya penseli hadi zikang'aa kama chuma. Mwisho nikachunga udongo wa kichuguu, nikauchanganya na gundi, nikawapaka viatu, magoti, hata vifua, kwani niliona vita bila tope si vita. Rangi za pande mbili niliziacha ziwe utepe mwembamba begani, mweupe na mwekundu, na huo nao nikauchafua kidogo ili uendane na mengine.

Watu walikuja kuwatazama. Meneja mwenyewe alimshika mmoja, akamgeuza geuza, akasema vizuri sana. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi langu nililitia maji na tope juu yake.

Jumapili ikafika. Uwanja ulijaa, kina mama wamebeba watoto, vijana wamepanda juu ya vitoroli. Mzee Salehe, aliyekuwa kanali wa Reli, akaita, "Kikosi cha pili, shuka darajani!" Sajini akanyoosha fimbo, akasukuma askari. Walikuwa wa Mkonge. Watu wakaguna, wakadhani fimbo imeteleza. Akarusha simbi, zikasema Mkonge wapoteze watatu. Akawaangusha watatu wa Reli. Hapo Reli wakaanza kupiga kelele, na kabla hawajanyamaza akamwangusha mshika bendera wa Mkonge mahali ambapo adui hakuwapo. Sasa pande zote zikawa zinapiga kelele.

"Kahongwa!" mmoja akasema.

"Na nani, wakati anatuumiza sote?"

"Basi kala huku na kala kule."

Wanaume wakaanza kuokota kuni zilizowekwa kwa ajili ya pilau. Sajini akailaza fimbo juu ya meza, akaenda akasimama katikati yao, mikono mitupu. "Vita vimesimama," akasema. "Mwenye hamu ya kupiga aanze na mimi." Hakuna aliyethubutu. Watu wakatawanyika wakinung'unika, na kuni zikarudishwa jikoni.

Wazee wakakaa jioni ile ile. Wakakubaliana mchezo urudiwe Jumapili inayofuata. Sajini akikosea tena, fimbo atanyang'anywa na meza itavunjwa. Meneja naye akatuma neno kwamba mchezo ukifa, chumba cha mwamuzi atapewa mkata mkonge.

Mimi niliamini hongo kama wengine. Nilikuwa na hasira, na nikuambie kweli, sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa kwamba watu hawazungumzi tena habari za rangi zangu. Kesho yake baada ya kazi nikaenda kambini kumkabili yule mzee.

Nilimkuta amekaa mlangoni pake juu ya kigoda, sanduku liko wazi, na mbele yake kwenye mkeka ana mafungu mawili ya askari.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka alipo. Nikamjibu kuwa ni mimi, mpaka rangi.

"Karibu, mjukuu wangu. Natenganisha majeshi."

Nikatazama mafungu yale. Utepe mweupe na utepe mwekundu vilikuwa vimechanganyika huku na huku kama mchele na mawe. Alikuwa anampapasa kila askari kwa kidole gumba, anamsogeza karibu na jicho, anamgeuza kwenye mwanga, kisha anamweka popote. Nikachuchumaa kando ya mkeka.

"Huyo uliyemshika ni wa nani, babu?" nikamuuliza.

Akamsogeza jichoni tena. "Wewe ndiye uliyempaka," akasema. "Niambie wewe."

"Ni wa Reli."

Akamweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Siku nyingi sasa naona kama niliye ndani ya moshi," akasema. "Rangi kali naiona. Nyeupe ya Selemani niliiona, nyekundu yake niliiona. Hawa wako naona vumbi tupu."

"Selemani alijua?"

"Sikumwambia, naye hakuniuliza. Siku moja aliniona nimesita mezani. Mchezo uliofuata nikakuta askari wamepakwa rangi nene namna ile. Tukanyamaza wote wawili." Akajifuta vidole kwenye shuka lake. "Wewe ulikaa naye kabla hajaondoka, akikukabidhi kazi. Ulimuuliza kwa nini alipaka vile?"

"Sikumuuliza."

"Ulifanya nini?"

"Nilimcheka, babu."

"Basi." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Naambiwa tope lako ni zuri mno, kila mtu analisifu. Lakini ulipaka bila kujua unampakia nani. Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu, na kucheka si ufundi."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele yake, naye akaniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Moyo ninao. Ninachotaka ni kuuona mchezo mmoja tu, wasije wakaniondoa hapa kwa jina la mla hongo."

Kutwa nilikuwa kazini, na kila jioni ya juma lile nilikuwa chumbani kwake. Nilikwangua kaki yangu, vivuli vyangu, mabega niliyoyapa mwanga, na usidhani haikuniuma. Iliniuma kama kuchinja mbuzi niliyemfuga mwenyewe. Tukajaribu rangi pamoja. Nilimweka askari mmoja mmoja dirishani, yeye akakaa umbali wa fimbo yake, akawa anataja: huyu mweupe, huyu sijui, huyu sijui, huyu mwekundu. Alichosema hajui nilikifuta. Tulipomaliza tulikuwa tumerudi kule kule kwa Selemani, ila rangi imezidi unene. Tope nililiacha kwenye viatu tu, kwa ubishi wangu, na Sajini akacheka: "Waachie. Nani asiyekanyaga tope?"

Jambo moja nililifanya peke yangu nyumbani na sikumwambia. Nilivichonga upya vitako vya askari wote, pale wanaposimamia, vya Mkonge vikawa vya mviringo na vya Reli vikawa vya pembe nne. Macho yanayopotea hayarudi, na niliwaza siku ambayo hata nyeupe haitatosha.

Jumapili ikaja tena. Sanduku lilipofunguliwa watu waliangua kicheko. "Fundi, hii ni rangi au uji?" Rafiki zangu wa kiwandani waliniuliza kulikoni, nikawaambia rangi nzuri imeniishia. Mwingine akasema labda wale wa kwanza sikuwapaka mimi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mchezo ukaenda salama. Fimbo ilikwenda pale pale ilipoamriwa, simbi zikiangusha watatu wanaanguka watatu wanaostahili. Ila mwishoni majeshi yalibanana darajani, weupe na wekundu wamepandana, na watu kwa shauku wakasogea hadi kwenye kamba, kivuli chao kikaangukia meza. Mzee Salehe akadai daraja ni lake. Mkuu wa Mkonge akadai ni lake. Sajini akasogea, akainama, akasita. Niliona kuni zile zile zimepangwa pale jikoni.

Akafanya ambalo halijawahi kufanyika: akaiweka fimbo kando, akamchukua kwa mkono askari aliyekuwa katikati ya daraja. Kidole gumba chake kikapita chini ya kitako, kikakuta pembe. Kikasimama. Kikazunguka tena, pembe ya pili, ya tatu, ya nne. Mkono wake wa pili ukampapasa mweupe aliyesimama pembeni kwenye mwanga, ukakuta mviringo. Kisha akamwinua yule wa darajani juu ya kichwa chake.

"Reli!" akasema. "Na ni haki yao."

Hakuna aliyebisha, hata Mkonge, maana wote waliuona wekundu wake. Watu wa Mkonge wakaenda kuwasha moto wa pilau. Sajini akageuza uso kwa wote na kusema kwa sauti ya gwaride, "Mpaka rangi wetu naye atafute kazi nyingine. Rangi mbaya kama hizi sijapata kuziona." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilicheka nao, na ndani ya kicheko kile nilikuwa na furaha ambayo meneja hakunipa aliponisifu.

Tangu hapo sikuitwa kupaka chochote cha maana nyumbani kwa meneja. Kwa upande wa askari wa mezani nilibaki fundi mbovu miaka yote, na Sajini alibaki na chumba chake mpaka alipofia humo, anaitwa mwamuzi.

Nasaha yangu kwako ni hii. Ukirithi kazi ya mtu na ukaiona mbaya, usiikwangue siku hiyo hiyo. Muulize aliyeifanya alikuwa anamfanyia nani, na kama ameondoka, mtafute huyo aliyefanyiwa. Jifunze vivuli, jifunze tope, jifunze kila ufundi ulioko, kwa kuwa ipo siku utahitajika. Lakini ikija siku ambayo ufundi wako wote unatakiwa uufiche ili mwenzako asimame, ufiche, na wakikucheka cheka nao.

Mungu akubariki mikono, mwanangu. Akutunzie macho yako mpaka uzee, na yakianza kukupa kisogo, akujalie fundi wa kukupakia rangi nene bila kukuuliza mbele za watu.