Vidonge Kumi na Viwili vya Mama Gratien

Saa mbili asubuhi, Venerande Cyriaque anamning'iniza mtoto kwenye mizani ya zahanati moja katani Kasekese, mkoani Katavi. Mtoto anapiga kelele utadhani anapigwa mnada. Venerande anaanzisha wimbo wa Kirundi, akina mama kwenye benchi wanaupokea, na kabla haujaisha kilo tisa zimeshaandikwa kwenye kadi.

"Asante, daktari," anasema mama mtu.

"Bado, mama. Mimi ni mhudumu tu," anajibu, na benchi zima linacheka.

Anacheka nao, ingawa neno hilo linamchoma. Venerande, mwenye miaka 21, alimaliza kidato cha sita akiutaka udaktari. Alama zikagoma.

Hapo kila mtu akawa mshauri. Baba yake, mzee Cyriaque, mkulima wa mahindi, alitaka binti asomee famasia.

"Anafungua duka la dawa, anakaa kivulini," anasema mzee. "Jua la shamba nimeshaliota mimi kwa niaba ya ukoo mzima."

Mwalimu wake akapendekeza maabara. Rafiki zake wakasema arudie mtihani, maana kuufuata udaktari kwa kuanzia stashahada ya utabibu ni sawa na kutoka Mpanda kwenda Inyonga kwa kupitia Kigoma.

Mwisho wa kuomba chuo ulikuwa Ijumaa. "Nililala na ile fomu, nikaamka nayo," anasema. "Niliogopa kukosea, halafu nikae miaka yote kwenye kazi nisiyoipenda."

Wiki hiyohiyo Gratien, mtoto wa miaka mitano, alirudi zahanati na malaria kwa mara ya tatu. Akapewa dozi nyingine. Deusdedit, tabibu anayeongoza zahanati hiyo, akamtuma Venerande nyumbani kwa mtoto akaangalie kulikoni.

Alimkuta mama wa Gratien, Lidia, amewapanga watoto wake watatu mbele ya sahani moja. Kila mmoja anapewa kidonge.

"Mama Gratien! Si hivi vidonge kumi na viwili ni vya Gratien peke yake?"

Lidia akamshangaa. "Dada, kwetu mtoto hali peke yake wenzake wanamtazama. Kila mmoja vinne, hakuna wa kununa."

Venerande hakugomba. Kwao nako mama yake alikuwa akikata yai moja la kuchemsha kwa uzi, vipande vinne, na ole wako uguse cha mwenzako.

Akawachukua watoto wote hadi zahanati. Dada yake Gratien akakutwa na malaria naye, akapata dozi yake. Gratien akaanzishiwa upya. Mdogo wao alikuwa mzima, basi wakubwa wakimeza kidonge, yeye akawa anapewa konzi ya karanga. Malalamiko yakaisha, na homa ikaisha.

Alhamisi Venerande akaandika kwenye fomu: utabibu.

"Kipimo kiliiona malaria mara tatu, ile sahani hakikuiona," anasema. "Nikajua ninachotaka ni kukaa na mgonjwa na kumuuliza, hata kama udaktari utachelewa."

Deusdedit anafurahi mno. "Nilimwambia, binti yangu, chagua kazi ambayo hata ukiishia hapo hutajuta. Mimi niliishia hapo, na asubuhi bado nakuja mbio."

Oktoba anaanza masomo ya miaka mitatu katika chuo kimoja mjini Mpanda. Akifaulu vizuri, ataomba nafasi ya udaktari chuo kikuu. Mzee Cyriaque, baada ya kununa siku mbili kamili, ametenga magunia ishirini ya mahindi kwa ajili ya ada.

Mizani inapofungwa, Lidia anaingia na mfuko wa karanga.

"Ukagawane na wenzako chuoni."

"Na nikiugua, nigawane nao dawa?" Venerande anamchokoza.

Lidia anacheka mpaka anaushika ukuta. "Aa! Dawa kila mtu na yake, daktari."

Safari hii Venerande hamsahihishi.