Hodi ya Sajini

Kwa miaka mingi dada yangu aliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa uani. Akishuka kituoni na begi lake alipitia kwanza choo cha stendi, akavua gwanda na buti, akavaa gauni na kandambili, ndipo akakata mitaa hadi kwa baba. Gwanda lilikaa chini kabisa ya begi, limeviringishwa ndani ya taulo kama mali ya magendo. Baba alijua. Mtaa mzima ulijua. Lakini kuna mambo ambayo familia hujifunza kuyapita kando, kama watu wanavyopita kando ya shimo la njiani, mpaka miguu inakunja kona yenyewe.

Baba ni fundi cherehani. Zamani alikuwa na kibanda cha kushonea karibu na reli, na sisi tukiishi chumba cha nyuma. Siku serikali ilipotaka eneo lile, wanajeshi waliletwa kulisafisha. Hawakumpiga mtu. Kilichomuuma baba, na amekisimulia mpaka tukakijua kama jina letu, ni kwamba walikuja na kipaza sauti, wakasema neno moja, "Ondokeni," kisha wakaingia bila kupiga hodi. "Hata mwizi," husema baba, "husimama kwanza mlangoni akasikiliza." Cherehani ilitupwa nje ikavunjika mguu, na tangu siku hiyo inasimamia kipande cha mbao. Sisi na majirani tukahamia bondeni, kando ya mto, mahali ambapo hakuna mwingine aliyepataka.

Kwa hiyo dada alipokuja kusema amechukuliwa jeshini, baba aliendelea kushona. Dada hakuwa na hoja kubwa. Nafasi zilitangazwa, yeye alikuwa na mbio na kifua cha kuogelea, na mama alikuwa ametutoka tangu tukiwa kule relini. Baba alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, akasema kwamba mtoto ni wake na hatamkana, ila gwanda halitavuka kizingiti chake, na sindano yake haitagusa hata kifungo cha jeshi. Akatimiza. Askari wa kambi ya jirani waliomletea suruali za kupunguza walirudi nazo mkononi, pamoja na pesa zao.

Dada alipanda vyeo polepole, kama wapandavyo watu wasio na mjomba mkubwa. Alikaa mpakani, juu ya kilima, akitazama kilima cha nchi ya pili, akilinda mstari ambao, alivyoniambia, ng'ombe hawauoni. Baadaye akapelekwa kikosi cha wahandisi, akajifunza kutandika daraja la vyuma, kuendesha boti za mpira, kufunga kamba isiyofunguka mpaka uitake ifunguke. Alipofika usajini hatukufanya sherehe. Mama Mkaa, jirani yetu muuza mkaa, ndiye aliyempa cheo chake cha mtaani: Sajini wa Nyasi. Maana nchi yetu haikuwa na vita, na kila mara mtu alipopita kambini aliwaona askari wakifyeka.

"Vipi, adui amekimbia?" Mama Mkaa alikuwa akimuuliza. "Au bado kajificha kwenye majani?"

"Bado tunamfyekea, mama," dada alijibu, na wote wawili wakacheka. Nilikuwa nikimtazama anavyocheka. Kicheko chake kilikuwa kifupi kuliko cha mwenzake.

Mwaka ule mvua zilinyesha kama aliyezifungulia amesahau. Bwawa la huko juu likajaa hadi ukingoni, na asubuhi moja redio ikatangaza kwamba milango yake ingefunguliwa alasiri, la sivyo ukuta wenyewe ungepasuka. Bonde lote lihame kabla ya hapo. Niliwahi kwa baba mapema kumchukua. Nilimkuta amekaa mbele ya cherehani, miguu kwenye pedali, anashona sare ya shule ya mtoto wa mtu kana kwamba siku ile shule ingefunguliwa. Maji yalikuwa yameshaanza kupenya chini ya mlango. Nilimsihi. Akaniambia walau maji yanakuja kimya kimya, hayana kipaza sauti, na kwamba aliyeondoshwa mara moja hawezi kuondoshwa mara ya pili.

Kazi ya kuhamisha bonde ilipewa kikosi cha wahandisi, na mtaa wetu ukamwangukia dada. Luteni wake, kijana mpole kutoka mkoa wa mbali, alimuuliza kama angependa kubadilishana na mwingine, kwa kuwa kwao ni kwao. Akakataa.

Yaliyofuata nje nilihadithiwa baadaye na Mama Mkaa, ambaye huongeza chumvi, na dada, ambaye huipunguza, kwa hiyo nimechukua katikati. Boti ziliachwa mwisho wa barabara, askari wakapanga mstari ndani ya maji ya magotini, na dada, kama alivyofundishwa, akainua kipaza sauti.

"Ondokeni," akasema. "Kila mtu aondoke."

Nililisikia neno lile kutoka ndani. Sikuitambua sauti yake, chombo kilikuwa kimeikwaruza. Nikasikia na jibu la mtaa: komeo moja likaanguka, kisha la pili, kisha mtaa mzima, tap, tap, tap, kama mtu anayefunga vifungo vya koti. Baba aliinuka, akaweka la kwake, akarudi kukaa.

Dada ananiambia alisimama katikati ya maji na kitu kile mkononi, akahisi uso unamwaka. Miaka yote ya kuingia kwa mlango wa uani, na neno alilokuja nalo lilikuwa lile lile. Akakizima, akamkabidhi koplo. Akawaambia askari waweke silaha zote botini, kila mmoja aende kwenye mlango mmoja, apige hodi, na asiingie mpaka aambiwe karibu. Koplo akauliza, kwa heshima, wasipojibiwa je. Wapige tena, akasema.

Yeye akaanza kwa Mama Mkaa.

"Karibu, Sajini wa Nyasi," mama yule akasema bila kufungua. "Leo umekuja kufyeka maji?"

Dada akamweleza habari ya bwawa, mahali watu wanapopelekwa, na kwamba mtaa haubomolewi na mtu bali na mto. Kisha Mama Mkaa akasema bila utani kwamba wao wanamtazama fundi. Walihama naye kule relini, walijenga naye hapa. Akitoka yeye, watatoka. Asipotoka, watajuaje kwamba si yale yale?

Basi akaja kwetu, kwa mlango wa mbele.

"Hodi."

Baba aliendelea kushona. Nilisogea kufungua, akanizuia kwa kiganja bila kunitazama. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yetu.

"Hodi," mara ya pili. Nyuma yake nikasikia sauti ya Luteni, ya chini, ikiuliza kama wavunje, maana muda unakwenda.

"Hapana, afande," dada akasema. "Tukivunja huu tutavunja yote. Muda huo hatuna."

Kila aliyelelewa vizuri anajua hodi zina mwisho. Ukipiga ya tatu usijibiwe, unaondoka, na huna haki ya kuuliza kwa nini. Alisubiri kabla ya kuipiga. Nilimsikia anavuta pumzi.

"Hodi hapa."

Mguu wa baba ukasimama kwenye pedali.

"Nani?"

"Mimi, baba."

"Mimi nani? Mwanangu au mwanajeshi?"

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Nilifikiri angesema mwanao, ndilo jibu rahisi, na ndilo alilokuwa akilijibu miaka yote kwa gauni na kandambili zake.

"Wote wawili," dada akasema. "Tena tumelowa."

Baba aliutazama mlango muda ambao mimi niliuona mrefu. Akachomoa sindano kwenye kitambaa, akaichomeka kwenye kola yake mahali pa kila siku.

"Karibuni," akasema.

Nikafungua. Askari waliokuwa nyuma yake walidhani wamealikwa wote, wakaanza kusogea, lakini dada alielewa. Alisimama kizingitini na gwanda lake linatiririka, kisha, Mungu amsamehe, akainama kufungua kamba za buti.

"Ingia na buti," baba akamwambia. "Sakafu imeshalowa, unataka kuilinda na nini?"

Hawakukumbatiana, hawajui kukumbatiana. Baba alionyesha cherehani. Alisema yeye akitumbukia ataelea, lakini ile haielei. Dada akaing'oa kichwa kwenye meza yake, akakipandisha begani. Luteni mwenyewe akachukua meza, na mimi nikapewa kile kipande cha mbao, kwa onyo kwamba nisikipoteze. Hivyo ndivyo tulivyotoka: baba mbele na kofia yake, sajini nyuma yake na cherehani begani, afisa na meza kichwani.

"Jamani," tukamsikia Mama Mkaa kutoka dirishani, "jeshi limetekwa na fundi."

Na komeo lake likafunguka. Likafunguka na la pili. Nilisikia hodi za kila lafudhi ya nchi yetu, vijana wa milimani na wa nyanda kavu wamesimama ndani ya maji mbele ya milango ya mabati, wanaomba ruhusa, na ndani karibu, karibu, karibu baba, nishikie huyu mtoto. Wagonjwa na wazee wakapanda boti. Walio na miguu wakashika kamba ya dada, iliyofungwa hadi nchi kavu. Mama Mkaa alikaa juu ya magunia yake kama malkia, akisisitiza kwamba mkaa ukilowa si mkaa tena. Waliacha mbuzi mmoja, kisha koplo akamrudia.

Tulikuwa kwenye uwanja wa shule, juu kilimani, maji yalipofika. Yalinguruma kama malori mengi yanayopanda mlima. Tuliona ukuta, choo, kibanda, vikienda bila haraka. Bati la nyumba yetu liligeuka mara moja, likang'aa, likazama. Nilimfikiria mama, ambaye hakuwahi kuishi nyumba ile, na sijui kwa nini. Kisha wajumbe wa mtaa wakaita kaya moja moja, na kila iliyoitwa ikaitika. Ile ya mwisho ilipoitika, Mama Mkaa akapiga kigelegele, wanawake wakakidaka, kikazunguka uwanja hadi kwa askari, nao wakajikuta wanapiga makofi wasijue wanampigia nani. Wengi walikuwa wamemgeukia dada yangu. Alikuwa anakunja kamba. Aliendelea kukunja, lakini safari hii kicheko chake kilikuwa kirefu.

Baba alikuwa ameshaweka meza yake chini ya kibaraza cha darasa. Akanidai mbao, akaisukuma chini ya mguu, akajaribu gurudumu. Lilizunguka. Akamwita dada, akamshika mkono, akatazama mahali ambapo gwanda lake lilikuwa limechanwa na ncha ya bati kuanzia bega hadi kiwiko.

"Nani aliyeshona hii?" akauliza.

"Jeshi, baba."

"Ndiyo maana. Vua."

Sasa baba anaishi mtaa mwingine, juu, kwenye nyumba ambazo kikosi kilisaidia kujenga, na suruali za askari zinaning'inia mlangoni kwake zikisubiri kupunguzwa. Dada huwafundisha vijana wapya uokoaji. Somo la kwanza, kabla ya kamba na boti, huwasimamisha mbele ya mlango mtupu uliosimikwa katikati ya uwanja, akawaambia wapige hodi na wasubiri. Wanacheka, kisha wanasubiri.

Akija likizo hapitii tena choo cha stendi. Anakuja na gwanda lake, lenye mshono mmoja begani ambao huwezi kuuona usipoonyeshwa, anasimama mlango wa mbele na kupiga hodi. Na baba, bila kuinua kichwa, ingawa anajua fika amekuja peke yake, bado humjibu, "Karibuni."